Ukitaka Podikasti ya Wanawake, Muulize Mgeni Wako Kazi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Sengerema aliniandikia. Anasikiliza podikasti yangu akiwa anapanga bidhaa dukani kwake, na sasa anataka kuanzisha podikasti yake ya kuwainua wanawake kazini. Swali lake lilikuwa moja tu: "Dada, ninunue maiki gani?" Nimeona nimjibu hapa, maana wenye hamu hiyo ni wengi, na karibu wote wanaanzia kwenye maiki.

Maiki tutaifikia, mdogo wangu. Kwanza nikueleze nilikotoka.

Nilikuwa mtangazaji wa redio hapa hapa Mwanza. Nikaandika wazo la kipindi cha wanawake na kazi: mikataba, mishahara, mitaji, vyeo. Msimamizi wa vipindi alilisoma akiwa amesimama mlangoni, hata hakukaa. Akanirudishia karatasi zangu: "Wanawake wanataka mapishi na mambo ya ndoa. Mikataba nani atasikiliza?" Wenzangu wakacheka, wakiwemo wanawake. Mpaka leo nikipita karibu na lile jengo kifua kinanibana, na sioni sababu ya kuficha. Lakini wasikilizaji aliosema hawapo, wapo. Wananiandikia wauguzi wakitoka zamu ya usiku, walimu wa Ukerewe, mabinti wa viwanda vya minofu ya sangara. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba mapishi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Podikasti nyingi za wanawake ninazozisikia zinamwita mgeni aje kutia moyo. Mgeni anasema pambana, jiamini, usikate tamaa, mtangazaji anaitikia "kabisa!", saa nzima imekwisha. Msikilizaji anabaki na hamasa hadi kituo cha daladala, halafu anarudi kazini kwa bosi yule yule na mshahara ule ule. Mwanamke hakosi moyo. Anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi samaki umtie moyo gani tena? Anachokosa ni habari: mwenzake alianza na shilingi ngapi, alizitoa wapi, alimwona nani, alisaini nini.

Kipindi changu kilichosambaa kuliko vyote nilimhoji mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nilimwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu huku Usukumani, nikamwambia sitaki historia ya maisha yake, nataka hesabu. Akashangaa, halafu akacheka, akafunguka. Alieleza anavyonunua kwa ndoo ufukweni, anavyoanika, na ndoo ngapi mbichi zinampa gunia moja kavu. Akaeleza mvua ikinyesha dagaa wakiwa bado mchangani inakuwaje: wanaharibika rangi, mnunuzi wa kutoka Kongo hawagusi tena, anabaki kuwauza kwa bei ya chakula cha kuku. Ndiyo maana akaanza kuanika juu ya vichanja. Alitaja gharama ya mbao, ya nyavu na ya fundi, na muda uliopita kabla fedha haijarudi. Ujumbe uliomiminika baada ya hapo ulikuwa wa maswali tu: mbao za aina gani, kichanja kiwe na urefu gani kutoka chini. Nilijua nimepata njia yangu.

Tena kwa wageni wa namna hiyo, jifunze kalenda yao. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika, na kina mama wanapata nafasi ya kukaa na kuongea. Mimi miadi ya Mwaloni ninaipanga kwa kuangalia mwezi. Ukimfuata siku mitumbwi imerudi imejaa, atakujibu kwa heshima tu huku macho yake yakiwa kwenye ndoo.

Jambo la pili, jua sheria kabla hujafungua mdomo. Binti mmoja wa kiwandani aliambiwa akijifungua arudi baada ya mwezi, la sivyo nafasi yake itachukuliwa. Alisikia kipindi chetu tulichosoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: likizo ya uzazi yenye malipo ni angalau siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua mapacha. Akaenda nayo kwa mwajiri, akapewa siku zake zote. Aliponipigia nililia, na sioni aibu kusema ninajivunia. Kipindi hicho hicho kilieleza kwamba aliyeachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kupeleka shauri lake CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Wangapi wanakaa nyumbani wakisubiri hasira zipoe mpaka siku zinapita? Na mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 4 ni ya wanawake. Mwite afisa maendeleo ya jamii aeleze fomu kipengele kwa kipengele. Hilo litasikilizwa kuliko hotuba yoyote.

Na mlinde mgeni wako. Akikueleza bosi anamtaka kimapenzi ndipo ampe ajira ya kudumu, usirushe sauti yake. Andika maneno yake, mwombe ruhusa, mtu mwingine ayasome, na jina la kampuni liondoke. Wewe unatafuta wasikilizaji, yeye anatafuta kula kesho. Usimuuze.

Haya, maiki. Anza na simu yako na maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Rekodi chumbani, penye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa, maana kuta tupu zinarudisha mwangwi. Chini ya bati subiri mvua iishe. Ufukweni nenda asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa ziwa unavuma kuja nchi kavu na utakuharibia sauti. Programu ya kompyuta ya Audacity ni bure, inatosha kuhariri. Mazungumzo yahifadhi kama MP3 ya mono, kbps 64: dakika 30 zinakuwa kama MB 14, msikilizaji hamalizi bando lake kwa ajili yako.

Kabla hujarusha, pita TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, Kanda ya Ziwa, ofisi yao ipo hapa Mwanza, uulize kuhusu leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa 2022, usitegemee ulichoambiwa na rafiki. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 huna haja ya kusubiri kivuko, kwa hiyo asubuhi ukamilishe mambo ya TCRA na mchana uhoji mtu Kirumba. Mgeni wa kwanza nitakutafutia mimi. Wewe njoo na maswali yako yameandikwa, na la kwanza liwe la fedha.