Ile "to" si "ku" yetu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niliomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapa Shela. Barua nimerudishiwa ina maduara mawili ya kalamu nyekundu, bila maelezo: moja kwenye "I look forward to hear from you", la pili kwenye "Yours faithfully". Juu nilimwandikia meneja kwa jina lake. Nimekosea wapi?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa la kwanza nalijua vizuri. Nilipokuwa nikiwapigia watu taipu barua zao karibu na Mkunguni, nililirudia miaka mpaka karani mmoja akanisahihisha mbele ya mteja.

Skuli tulifundishwa kwamba "to" ikitangulia kitenzi ni ile "ku" yetu: "to read", kusoma. Ndipo mkono unapoandika "to hear" wenyewe. Lakini baada ya "look forward", "to" yaelekeza tu, na kinachofuata ni nomino. Jaribu kutia nomino tupu: "I look forward to your reply". Imekaa, sivyo? Basi kitenzi nacho lazima kivae sura ya nomino: "I look forward to hearing from you".

Jaribio hilohilo litakufaa kwenye "I am used to working at night", yaani umezoea kazi ya usiku. Ukiandika "I used to work at night", umemwambia meneja kwamba zamani ulifanya kazi usiku na sasa umeacha. Kwa mtu anayeomba mapokezi, hapo zamu imekwenda.

Duara la pili ni jepesi. Kwa desturi ya Uingereza, tunayoifuata Kenya, ukianza na "Dear Sir or Madam" unamaliza na "Yours faithfully". Ukimtaja kwa jina, unamaliza na "Yours sincerely", na herufi kubwa ni ya neno la kwanza peke yake.

Kuna jambo ambalo halikuzungushiwa duara, nami nitalisema. Aya yako nzima ya kwanza inamuuliza hali yake na ya jamaa zake. Kwetu ni adabu hiyo, hupiti penye baraza ya watu bila kuwaamkia, na wala usiiache. Lakini barua ya kazi ya Kiingereza huingia kwenye haja moja kwa moja, na msomaji wake haoni kwamba amekosewa heshima: "I am writing to apply for the post of receptionist". Hapo "to" ndiyo ile "ku" yetu, kwa hiyo "apply" iache ilivyo. Ila "for" usiisahau.

Iandike upya, uisome kwa sauti, kisha umpelekee mwenyewe mkononi. Mtu aliyekaa na kalamu nyekundu akakuzungushia maduara mawili alikuwa na kapu la taka karibu yake, na barua yako hakuitupa humo.