Jibu: Hekalu la Amsa-dong, Seoul, liko wapi?

Mkuu, umeuliza hekalu lililoupa mtaa wa Amsa-dong jina lake liko upande gani, maana ramani haikuonyeshi. Halipo. Amsa maana yake ni hekalu la mwambani, na kwa simulizi za mtaa ni hekalu la Kibudha la Baekjungsa, la enzi za Silla, ufalme wa kale wa Korea, lililokuwa juu ya mwamba kando ya mto Han. Mwaka 1667 eneo hilo lilipata chuo cha mafundisho ya mwanafalsafa Konfusio, Guam Seowon, nacho kikafutwa karne ya 19. Ukifika leo utakuta kibanda cha kupumzikia na mandhari ya mto, basi.

Kwa hiyo usifunge safari kwa ajili ya hekalu peke yake. Nenda kwenye makazi ya kale ya hapo Amsa-dong, yaliyofichuliwa na mafuriko makubwa ya 1925. Wakaaji wake waliishi hapo yapata miaka 6,000 iliyopita, ndani ya nyumba zilizochimbwa ardhini. Angalia vyungu vyao: vina michoro ya kuchanwa kama kwa kitana, na kitako kimechongoka, kwa hiyo vilichomekwa mchangani.

Panda treni ya laini namba 8. Wengi bado hushukia stesheni ya Amsa kwa kufuata maelezo ya zamani. Tangu Agosti 2024 kuna stesheni inayofuata, iliyo karibu zaidi na makazi hayo. Jumatatu pamefungwa. Ramani ya Google haikuongozi vizuri kwa miguu Korea, pakua Naver Map, programu ya ramani ya Kikorea, kabla hujatoka hotelini.