Sayansi ya Bahari si Ubaharia

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, mzaliwa wa Chumbageni, Tanga. Baba yangu alikuwa kibarua wa matishari, yaani vyombo vya kusafirisha shehena kati ya meli na gati, enzi zile meli kubwa zilipotia nanga mbali na gati, na tangu utotoni nimetamani unahodha. Nilipoona jina "Shahada ya Sayansi ya Bahari" niliomba bila kusita. Hii ni wiki ya tatu ninainamia hadubini kuhesabu planktoni, yaani viumbe wadogo mno wanaoelea majini, katika tone la maji, na mhadhiri ametuambia waziwazi kwamba hatutafundishwa kuendesha chombo. Nifanyeje, nami nasoma kwa mkopo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Masikitiko yako nayaelewa, kwani kwetu pwani neno bahari humaanisha kwanza safari. Shahada hiyo huisoma bahari yenyewe, yaani mikondo, chumvi, matumbawe, mikoko na viumbe wake, na mhitimu wake huelekea kwenye utafiti wa uvuvi au uhifadhi, kama ule wa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapo hapo Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009 baada ya samaki huyo wa kale kunaswa katika majarife ya wavuvi.

Unahodha una njia yake, nayo imewekwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia. Ili uwe ofisa wa zamu katika chumba cha usukani, ngazi ambayo kila nahodha huipitia, unatakiwa uwe umetumika baharini miezi 12 ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, au miezi 36 bila mafunzo hayo, na hakuna shahada ya maabara inayoweza kuifidia miezi hiyo. Macho pia hupimwa kama yanatofautisha rangi, kwa kuwa taa nyekundu ya kushoto na ya kijani ya kulia ndizo humjulisha mwenye zamu, usiku, meli nyingine inaelekea wapi.

Kwa hiyo kapime macho kwanza. Ukifaulu, na moyo wako ukiwa bado uko melini, mimi nakushauri uhame sasa, usingoje miaka mitatu ipite. Uliza sifa za kujiunga na Chuo cha Bahari Dar es Salaam, ambako mabaharia hufundishwa. Usiache masomo kimyakimya, bali onana na ofisi ya udahili na afisa mikopo wa chuo chako, kwa sababu fedha ulizokwisha kupokea zitabaki kuwa deni hata ukiondoka. Na kabla ya kuandika barua yoyote, mweleze baba yako, maana yeye anaijua kazi ya melini kuliko mimi.