ESR na CRP zimepanda: majibu kwa maswali yenu

Daktari, nina miaka 52. Karatasi ya majibu imeandikwa ESR 48 na pembeni herufi H. Nimeambiwa damu yangu ni chafu, nikaandikiwa sindano za siku tano. Nizichome? (Mama, Morogoro)

Pole, mama. Hakuna ugonjwa unaoitwa damu chafu, na neno hilo limewamalizia watu fedha kwa dawa wasizozihitaji.

ESR ni kipimo cha kasi ya chembe nyekundu za damu kuzama. Maabara walichofanya ni kuisimamisha damu yako, iliyotiwa dawa ya kuzuia isigande, ndani ya mrija mwembamba kwa saa moja. Kisha wakapima chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mwili ukiwa unapambana na kitu, protini fulani huongezeka kwenye damu, chembe nazo hubebana kama sarafu zilizopangwa na kuzama upesi. Ndiyo hiyo 48 yako, na H ni "high", yaani juu ya kawaida. ESR ni kama mbwa anayebweka usiku: unajua kuna kitu, hujui kama ni mwizi au jirani anayerudi kazini.

Kwa mwanamke, chukua umri, ongeza 10, gawanya kwa 2. Kiwango chako cha juu ni 31, kwa hiyo imepanda, ila si ya kutisha. Kinachonisumbua ni kwamba hujataja himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayoonyesha kama una upungufu wa damu. Upungufu wa damu peke yake huipandisha ESR; ujauzito pia, unene pia, na ugonjwa wa figo. Hakuna sindano ya antibiotiki itakayoongeza damu. Rudi kwa daktari kabla ya kuanza hizo sindano, umuulize mambo mawili: himoglobini yangu ni ngapi, na sindano hizi zinatibu ugonjwa gani?

Shikamoo daktari. Nililazwa kwa nimonia. CRP ilikuwa 96, siku ya tatu ikawa 30, lakini ESR haijashuka. Niamini kipi? (Kijana, Dodoma)

Marahaba. Amini vyote viwili. Vinatofautiana mwendo tu. CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Huanza kupanda saa chache baada ya maambukizi, hufika kileleni baada ya kama siku mbili, na chanzo kikidhibitiwa hupungua nusu kila saa 19 hivi. ESR hujivuta, inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kushuka kutoka 96 hadi 30, kama na homa imeondoka na unapumua vizuri, ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Imalize dozi.

Protini hiyo yenyewe iligunduliwa mwaka 1930 huko New York, na William Tillett na Thomas Francis, katika damu ya wagonjwa wa nimonia kama yako.

Angalizo moja: tazama kizio kilichoandikwa baada ya namba (mg/L au mg/dL). Maabara nyingi huhesabu miligramu kwa lita, na kawaida ni chini ya 5 au chini ya 10. Nyingine huandika kwa desilita, na hapo 3 ni sawa na 30. Nimeona watu wakifurahia "kushuka" ambako hakukuwepo, kwa kubadilisha maabara tu.

CRP ikiwa juu, si ina maana ni bakteria, malaria tunaiondoa? (Mombasa)

Hapana. Malaria huipandisha sana. Pima malaria.

Mwanangu ana selimundu (sickle cell). Ana homa na maumivu, lakini ESR ni 5. Nimeambiwa hana maambukizi. (Baba, Mwanza)

Baba, usisubiri kumaliza kusoma; mpeleke hospitali leo hii.

Chembe zilizopinda kama mundu haziwezi kupangana kama sarafu, kwa hiyo hazizami upesi hata mwili ukiwa katika vita vikali. Kwa mtoto wa selimundu, ESR ya chini haiondoi maambukizi. Bandama lake mara nyingi limeshadhoofika, na kinga yake dhidi ya baadhi ya bakteria ni ndogo. Homa inaweza kumzidia ndani ya saa chache. Ukifika mapokezi, sema kwanza "ana selimundu na ana homa", ndipo utoe karatasi.