Aspirini kwa mjamzito aliyewahi kupata kifafa cha mimba

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Majengo, Moshi. Katika mimba ya kwanza presha ilipanda nikiwa na wiki 32, nikavimba mpaka sonara akaikata pete yangu, kisha nikajifungua kwa upasuaji. Sasa nina mimba ya wiki 11. Muuguzi wa kliniki amenitajia aspirini, lakini mama mkwe anasema itaiharibu mimba. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umewahi, na hilo ni jambo jema, kwa sababu kifafa cha mimba, ugonjwa uliokupandisha presha, huanzia kwenye kondo la nyuma, wakati mishipa ya damu ya mji wa mimba inaposhindwa kutanuka vya kutosha, miezi mingi kabla ya presha kupanda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wanawake 1,776 wenye hatari kubwa waligawanywa: wengine walimeza miligramu 150 za aspirini kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi 14 na kuacha wiki ya 36, wengine vidonge visivyo na dawa. Waliougua kabla ya wiki ya 37 walikuwa asilimia 1.6 kwa waliomeza aspirini, dhidi ya 4.3 kwa wengine.

Hofu ya mama mkwe ina chanzo, kwani vidonge vikubwa vya maumivu, karibu na kujifungua, vinaweza kuongeza damu kutoka. Usijinunulie dukani, mweleze daktari kama una vidonda vya tumbo au pumu, akupangie kiasi cha dawa. Hata ukiimeza, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo.