Yakobo wetu si yule: nilivyojifunza kumpima mtafiti wa nasaba

Sebuleni kwa shangazi yangu, Kengeleni, Mombasa, palitundikwa kwa miaka miwili fremu kubwa yenye nasaba ya ukoo wetu. Kila mgeni aliyekaribishwa chai alionyeshwa. Juu kabisa, kwa wino wa dhahabu, lilikuwa jina la Jacob Wainwright, yule kijana Myao aliyesomeshwa na wamisionari Nasik, India, akawa miongoni mwa walioufikisha mwili wa Livingstone pwani, kisha akausindikiza hadi Uingereza na kushika jeneza Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Chini ya jina lake ulishuka mstari hadi kwa Yakobo, baba yake babu yangu. Na kutoka kwa Yakobo, sisi sote.

Mstari ule ulikuwa wa uongo, na aliyemlipa mtafiti wa nasaba auchore ni mimi.

Sisi ni watu wa Frere Town. Baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini, na waliookolewa walihitaji pa kuwekwa. Mwaka 1875 misheni ya Kianglikana ya CMS ikawafungulia makazi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Walibatizwa, wakapewa majina mapya. Kwa hiyo wengi wetu tukihesabu kurudi nyuma tunafika kwenye siku ya ubatizo, na hapo njia inakatika. Nyuma yake kuna jahazi, na nyuma ya jahazi hakuna jina. Mtu aliyeishi na pengo hilo tangu utotoni akiletewa jina la kulijaza, haulizi maswali mengi. Mimi sikuuliza hata moja.

Siku nilipoamka ni siku niliyoomba kukiona kitabu cha ubatizo kwa macho yangu. Nilitaka tu picha ya kumpelekea binamu yangu aliye Canada. Nikampata Yakobo wetu: amebatizwa mwaka 1884, umri "kama miaka 8". Safu ya wazazi imepigwa mstari mtupu. Pembeni pameandikwa kwamba alitolewa jahazini. Nikasoma tena. Mtoto aliyetolewa kwenye jahazi la watumwa atakuwaje mwana wa mtu aliyekuwa huru, mtu wa misheni, aliyejulikana na kila mmisionari wa pwani hii? Halafu nikaona jambo la pili. Kwenye ukurasa uleule kulikuwa na akina Yakobo watatu.

Mtafiti wetu alikuwa amechukua jina moja na kulipachika mahali palipompendeza. Nilipoirudia ripoti yake, chini ya mstari ule palikuwa na maneno matatu tu: "rekodi za misheni". Kitabu gani, ukurasa wa ngapi, kiko wapi? Kimya.

Nimejiuliza sana tulidanganyikaje, maana shangazi ni mtu makini. Jibu ni kwamba vizazi vya chini vilikuwa sahihi tupu. Majina ya babu na ndugu zake, nani alimwoa nani, nani alihamia Rabai, yote sawasawa. Shangazi alipitisha kidole jina kwa jina akitikisa kichwa kukubali, na alipofika juu alikuwa ameshaamini. Lakini nani alimpa mtafiti majina yale ya chini? Ni shangazi mwenyewe, jioni moja, kwa kahawa na kashata. Tulikuwa tumerudishiwa maneno yetu kwa wino wa dhahabu, na juu yake pakaongezwa uongo. Baadaye nikasoma habari za Gustave Anjou, aliyefariki 1942, ambaye aliwauzia matajiri wa Marekani nasaba za kughushi kwa njia hiyohiyo: kweli nyingi, na katikati yake kiungo cha kubuni kinachompeleka mteja kwa mtu mkubwa.

Ndiyo maana leo mtu akiniletea ripoti ya nasaba sianzi na majina ninayoyajua. Naanza na kiungo cha zamani kuliko vyote, pale mtoto anapounganishwa na mzazi, nikauliza: umejuaje kwamba huyu ni mtoto wa huyu? Hapo sisemi amejuaje kwamba huyu aliishi. Watu wengi waliishi. Kinachouzwa na mtafiti ni ule mstari kati ya majina mawili, na kila mstari unadai ushahidi wake. Ripoti ya vizazi 7 ina mistari 6, na mmoja ukikatika, kila kilicho juu yake ni mali ya ukoo mwingine.

Kuna wanaoshauri umfiche mtafiti kila unachokijua ili umpime. Sikubaliani nao. Utamlipa siku nzima kutafuta cheti ambacho kimo kabatini kwako. Mpe yote, ila bakisha jambo moja ulilo na hakika nalo, kwa mfano mwaka wa ndoa ya bibi yako, uone kama atalifikia na atalifikiaje.

Vyeti vya utafiti vina uzito wake. Marekani wana bodi ya kuwathibitisha watafiti wa nasaba tangu 1964, na Uingereza wana chama chao, AGRA, tangu 1968. Huko kipimo kinafahamika: umetafuta kila mahali panapostahili, umetaja kila ulichokiona ili mwingine akifuate, umepima ushahidi, umetatua yanayopingana, na umeandika hoja yako ikasomeka. Mtafiti asiyeyajua hayo usimpe hata shilingi ya nauli. Lakini cheti cha ng'ambo hakimfundishi mtu nyaraka za kwetu. Kenya, usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulifika kwa Waafrika wilaya baada ya wilaya kati ya 1963 na 1971. Mtu akikuambia amepata cheti cha kuzaliwa cha babu yako Mgiriama wa mwaka 1890, shika mfuko wako.

Kwa hiyo kabla ya mkataba nauliza: utakwenda wapi? Anayeijua pwani atataja mahali. Atasema vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na mazishi. Atasema barua na ripoti za CMS, ambazo leo zinahifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham. Atasema makavazi ya kitaifa Nairobi, madai ya ardhi yaliyofunguliwa pwani na sheria ya 1908, na vitabu vya kadhi kama ukoo una Waislamu. Kwa watu wa Rabai atakumbuka mwanzo wa 1889, watoro wa utumwa zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha misheni walipokombolewa kwa fedha na kupewa hati za uhuru. Atakayejibu "nina programu yangu ya intaneti", muage kwaheri.

Halafu muulize kuhusu makabila. Ukiona kitabuni "Mnyasa", mtafiti mzuri hakimbilii kukuandikia kabila. Neno hilo lilimkusanya mtu yeyote aliyetoka upande wa Ziwa Nyasa, na mara nyingi mtoto alibandikwa jina la njia aliyopitishwa au la waliomuuza. Vipimo vya DNA navyo visikutie wazimu. Vikikupa binamu wa kweli aliye hai, hiyo ni hazina, maana mnaweza kulinganisha karatasi. Ila zile asilimia za nchi hutokana na kukulinganisha na watu waliokwisha kupimwa, na watu wa Msumbiji na Malawi waliopimwa bado ni wachache. Asilimia haimtaji baba wa Yakobo.

Mtafiti wa pili tulimpata kwa kupendekezwa na katibu wa parokia. Mama mtulivu. Kwanza alikataa kulipwa kwa matokeo. "Ukinilipa nikipata, nitapata," alisema, "hata kama hakipo." Tukakubaliana malipo ya siku, awamu ya kwanza siku 5, swali moja tu: yupi kati ya akina Yakobo watatu ni wetu? Hilo nakushauri kwa moyo wangu wote. Swali moja, awamu fupi, ripoti, ndipo uamue kuendelea.

Ripoti yake ilikuwa kurasa 14, na kurasa 3 kati ya hizo zilieleza alikotafuta akakosa. Mpwa wangu alilalamika kwamba tumelipia hewa. Mimi nilizisoma kwa furaha kuliko zote, kwa sababu sasa hakuna mtu wa ukoo huu atakayelipia tena kuvifungua vitabu vile. Yakobo wa kwanza alimkuta kwenye kitabu cha mazishi, amekufa kwa ndui angali mvulana. Wa pili alioa, na mkewe si yule tunayemjua. Wa tatu alioa mwanamke mwenye jina la bibi mzaa babu, na kati ya mashahidi wa ndoa yao yumo mtu yuleyule aliyekuwa msimamizi wake wa ubatizo miaka mingi nyuma. Kila jambo lilikuwa na kitabu chake, ukurasa, na picha aliyoipiga mwenyewe. Mahali umri wa ndoa ulipotofautiana na umri wa ubatizo kwa miaka minne hakuficha. Aliandika kwamba tofauti ipo, akaeleza kwamba umri wa mtoto wa jahazini ulikisiwa kwa macho, na akasema wazi kwamba hitimisho lake lina nguvu lakini halijafungwa.

Nilimpelekea shangazi ripoti siku ya Jumapili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kwa hiyo Yakobo wetu alitoka wapi?"

"Jahazini. Kabla ya hapo bado."

Alikaa kimya, akaitazama fremu ukutani, kisha akanituma nikaiteremshe, na nisivunje kioo. Leo ndani ya fremu ileile kuna picha ya ukurasa mmoja wa kitabu cha ubatizo. Yakobo wetu ni wa tatu kutoka chini. Wageni wakija kunywa chai, shangazi huwaonyesha jina lake, halafu husogeza kidole pole pole hadi kwenye safu ya wazazi.