Insha yako isianze na 1966

Mdogo wangu, umeuliza insha ya "Je, mapinduzi yaliua mila za Wachina?" uianzie wapi, ukasema umepanga kuanza na Walinzi Wekundu, wale vijana wa Mao wa 1966. Mimi ningerudi nyuma hadi Mei 1950, ilipotoka Sheria ya Ndoa. Ilipiga marufuku kuozeshwa kwa nguvu, kuweka masuria na kuchumbia watoto. Mwanamke naye akapata haki ya kudai talaka. Sheria hiyo iliingia hadi chumbani kwa watu, na sidhani kama wake wadogo waliililia mila ile. Usiiruke eti kwa sababu haina moto wala moshi.

Ndipo uje 1966, kampeni ya kufuta "Mambo Manne ya Kale": fikra, utamaduni, desturi na mazoea. Hapo usitapakae nchi nzima, ng'ang'ania Qufu, mji wa Confucius, yule mwanafalsafa wa kale. Novemba mwaka huo Walinzi Wekundu kutoka Beijing walivunja mawe ya kumbukumbu na kufukua makaburi ya ukoo wake. Kwa watu wanaotambikia mababu, kufukua kaburi ni tusi zito kuliko kuchoma vitabu. Miezi michache baadaye, hata mapumziko ya Mwaka Mpya wa jadi wa 1967 yakafutwa.

Ila hilo neno "kuua" lina walakini. Qingming, siku ya kufagia makaburi ya wazee, ni sikukuu ya taifa yenye mapumziko tangu 2008, na chama kinachotawala ni kilekile cha Kikomunisti. Mwalimu wako akibisha, mwoneshe hiyo.